Mama Mdogo Alipoacha Kuomba

Mama mdogo wangu alikuwa mwombaji. Nalisema mapema nisije nikaambiwa nimelificha, na pia kwa sababu msomaji wa mbali atadhani alikuwa akikaa kando ya barabara na bakuli mkononi. Hakukaa. Alikuwa na meza yake ya samaki wakavu katika soko la Lodwar, alikuwa na mbuzi kwa kaka yake upande wa milimani, na alinilea mimi tangu mama yangu mzazi alipofariki. Lakini kusalimiana naye kulikuwa ni kuombwa. Ungemwambia "Ejok," naye angeitikia "Ejok noi," kisha macho yake yangekukagua kuanzia kichwani kushuka chini, na kabla hujapata pa kukaa ungesikia, "Hiyo kitambaa umefunga ni mzuri. Nipe."

Kwetu Waturkana watu wanaombana. Si kulilia shida, wala si uvivu. Unamwomba mtu kitu kwa sababu unamhesabu kuwa wako. Naye anaweza kukupa, au akakunyima huku anacheka, au akakuomba wewe kitu kikubwa zaidi mkabaki mnatazamana. Aliyenyimwa hanuni, kesho atarudi na ombi lingine. Mtu wa kutiliwa shaka ni yule anayekuja nyumbani kwako, anakaa, anakunywa chai, anaondoka bila kukuomba hata tumbaku. Huyo ameshakutoa moyoni, na wenyewe watakuuliza umemkosea nini.

Mimi nilikulia humo, kisha nikaenda kusoma Eldoret, na huko nikajifunza kuona haya. Hakuna aliyenifundisha darasani. Nilimwomba tu msichana tuliyelala naye chumba kimoja anipe shati lake, nikaona uso wake ulivyobadilika. Sikumwomba mtu kitu tena mpaka nikamaliza chuo. Niliporudi Lodwar na kuanza kazi, mama mdogo alikuwa akinikuta na wenzangu wa ofisi hotelini, ananiomba chakula kilicho mdomoni, nami natamani ardhi ipasuke inimeze.

Ofisi yetu ilikuwa kituo kidogo karibu na uwanja wa ndege. Kazi yake ilikuwa kuwaunganisha wafanyabiashara wa Lodwar na wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei, ili wabuni vitu kwa pamoja, wauziane, wakopeshane ujuzi, na kila mmoja awe ngazi ya mwenzake. Kazi hiyo ilikuwa na jina refu: mfumo-ikolojia wa ubunifu na biashara. Kila ofisa mpya aliyefika alianza kwa kuchora miduara ukutani na mishale inayotoka mduara huu kwenda mduara ule. Nilichora mimi pia, na sina dharau na miduara. Yuko fundi Kakuma aliyepata cherehani kwa sababu yake. Ila mduara haumjui mtu, na sisi tuliusahau huo upungufu wake haraka sana.

Kile ambacho miduara ilikuwa inatafuta, mama mdogo alikuwa amekwisha kukianzisha kwa mdomo wake, kabla hata ofisi haijapata kibao cha mlangoni. Lori la Msomali mmoja lilikuwa likija kutoka Kitale, linapita Kainuk na vizuizi vyake, linashusha vitunguu Lodwar, kisha linaendelea Kakuma likiwa nusu tupu. Mama mdogo aliliona linapita mara nyingi. Siku moja akasimama mbele yake katikati ya soko, mikono kiunoni, akamwambia mwenye lori, "Gari yako iko na nafasi. Nipe." Msomali akashangaa, akacheka, akampa. Mama mdogo akapanda na magunia yake, akaketi juu yake mpaka Kakuma, mahali ambapo hakuwa na mtu hata mmoja.

Huko akafuata harufu. Palikuwa na mama Mkongo aliyepika sombe, yaani kisamvu cha kwao, na samaki katika kibanda cha mabati, na wateja wake walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Mama mdogo alionja, akauliza samaki ametoka wapi, akaambiwa ametoka mbali na hana ladha. Hapo hapo akamwonyesha samaki wake wa ziwani. Yule mama akamgeuza geuza, akamnusa, akasema ni mzuri lakini amekauka kwa jua tu; kwao samaki hukaushwa kwa moshi. "Basi nipe hiyo moshi," akasema mama mdogo. Na kwa kuwa alikuwa amepata nafasi ya kufungua mdomo, akamwomba pia kandambili za miguuni.

Mama Mkongo alinisimulia baadaye jinsi alivyokasirika. "Mi nikasema, huyu mwanamke anakuwa aje? Nimemulisha, nimemupa na maji, bado anataka ata viatu iko kwa miguu!" Alimnyima kandambili. Mama mdogo hakukasirika hata kidogo, akasema atazichukua akirudi. Na akarudi kweli, safari baada ya safari, kila mara na ombi jipya, mpaka siku moja yule mama, kwa hasira ya utani, akamwambia, "Basi na mimi nakuomba! Nipe ile shanga yote ya shingo." Mama mdogo akainama, akatoa nyuzi nzuri kuliko zote, akamvisha. Mama Mkongo akalia. Tangu hapo akaelewa, na baada ya muda mfupi akawa anaomba kuliko mwalimu wake.

Wakajenga kiwanda chao bila mtu kukiita kiwanda. Samaki walitoka ziwani Kalokol. Tanuri lilikuwa pipa la mafuta lililokatwa, jinsi mama Mkongo alivyozoea kwao. Kuni zilikuwa za mathenge, ule mti wa miiba unaotutesa Turkana nzima, unaofunga mito na kuwang'oa mbuzi meno. Mama mdogo aliujaribu kwa kuwa ulikuwa bure, na moshi wake ukampa samaki harufu tamu ambayo hakuna aliyeitarajia. Kisha Msomali, aliyechoka na samaki kutoa jasho ndani ya magunia, akasema wawatie kwenye zile nyavu nyekundu za vitunguu alizokuwa akizitupa. Samaki wakapumua. Walifika Kakuma wakiwa wazima na wakaenda mpaka Kalobeyei, na Warundi nao wakaanza kuwatafuta.

Mimi ndiye niliyezipeleka habari zao ofisini, kwa kujivunia. Nilisema tumepata mfano hai. Wakubwa wangu wakafurahi, wakaja kuona tanuri, wakapiga picha za nyavu nyekundu. Ikaamuliwa kikundi kiimarishwe. Kitaandikishwa, kitapata mwenyekiti na sheria zake, na mfadhili atakinunulia tanuri la kisasa na mzani. Akaletwa mtaalamu kutoka Nairobi, mtu mpole mwenye kofia pana ya jua, awasaidie kujipanga.

Mtaalamu aliwaweka chini ya kivuli cha hema, akawauliza changamoto zao. Msomali ndiye aliyeanza. "Changamoto ni hii mama! Wallahi itanimaliza! Imeomba redio ya gari, nikapea. Imeomba blanketi ya turniboi, nikapea. Sasa inaangalia lori yenyewe!" Alikuwa akipiga mapaja kwa kicheko. Mama Mkongo naye akadakia, "Kwangu ameomba ata sufuria iko kwa moto, na sombe ndani!" Mama mdogo alikuwa amejifunika uso kwa shuka, mabega yanamtikisika. Walikuwa wanajisifu wote. Msomali kwao ni watu wa ngamia, na anajua vizuri kwamba mtu asiyeombwa ni mtu asiye na kitu au asiye na watu. Nilicheka mpaka machozi.

Mtaalamu hakucheka. Alikuwa akiandika kwenye kompyuta yake. Siku iliyofuata akatuonyesha ukutani mduara wa mama mdogo, na mishale myekundu ikitoka kwa wenzake kuja kwake, akaiita uvujaji. Alisema ushirika wa namna hii hauwezi kukua ikiwa mwanachama mmoja anawanyonya wengine, na kwamba wenyewe wamelalamika kwa vinywa vyao.

Nilimwambia hawakulalamika. Nilimweleza kuombana ni nini, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na nikatoa mifano mpaka koo likakauka. Alinisikiliza kwa heshima zote. Alisema desturi ni nzuri nyumbani, ila biashara inahitaji mipaka. Bosi wangu akatikisa kichwa kukubali, na mfadhili alikuwa anasubiri sheria ili atoe tanuri. Mpaka leo nikikumbuka mkutano ule damu inanichemka. Simkasirikii yule mtu, maana aliandika alichosikia. Nakasirika kwamba katika chumba kizima hakukuwa na mtu wa kumwambia kicheko ni kitu gani, akaaminiwa.

Sheria zilisomwa Kakuma, katika ukumbi wenye feni zisizozunguka. Mojawapo ilisema kwamba mwanachama hataomba kitu chochote kwa mwanachama mwenzake, wala kwa ofisi, nje ya makubaliano ya kikundi. Mama mdogo aliniuliza kwa Kiturkana kama amesikia vizuri. Nikamwambia amesikia vizuri. Kisha wakamchagua yeye awe mwenyekiti, wakampigia makofi, na bosi wangu akasimama akasema huyu ni mwanamke asiyemtegemea mtu. Nikaona mama mdogo amenyoosha mgongo. Alivimba kichwa kidogo, na nikafurahi kumwona hivyo, kwa sababu maisha yake yote hakuna aliyewahi kusimama ukumbini akamsifu.

Lazima niseme alikuwa mtu wa namna gani. Alipobatizwa akiwa mtu mzima, mchungaji alimwambia tumbaku si nzuri. Wengine waliobatizwa naye walipunguza, wakaanza kutafunia nyuma ya nyumba. Yeye aliifungua pembe yake ya tumbaku siku ileile, akaimwaga mchangani, na sikumwona akiigusa tena, ingawa nilimwona akiwafuata watu waliokuwa wakitafuna ili ainuse. Alikuwa hajui kukubali kitu nusu nusu. Sasa alikuwa amekubali sheria mbele ya watu.

Akaacha kuomba. Mwanzoni sikuona. Mwaka ule ofisi ilikuwa na wageni wengi, na kila mgeni alipelekwa kumwona mwenyekiti akiwa amevaa fulana ya kikundi. Aliyegundua kwanza ni mama Mkongo. Alinipigia simu, sauti imenyong'onyea.

"Mwanangu, nilimukosea mama yako nini?"

"Kwa nini, mama?"

"Haniombaka tena. Anakuja, anashusha samaki, ananiuliza habari ya watoto, anaenda. Ata maji haombe. Nikamwambia, chukua hii kitenge, akasema hapana, asante. Asante! Mi sijalala."

Nikaenda sokoni. Mama mdogo alikuwa anapanga samaki, mkubwa chini mdogo juu, kama kawaida yake. Nikamwambia mwenzake wa Kakuma anauliza kama amekasirika.

"Nikasirike nini? Sisi ni kampuni sasa. Kampuni haiombani."

"Lakini yule ni rafiki yako."

"Ni rafiki. Lakini nilisema ndiyo. Watu wote walisikia." Akapangusa mikono. "Hata wewe sikuombi siku hizi. Hujaona?"

Ndipo nilipoona. Nilikaa kwenye ndoo aliyoigeuza, nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho aliponiomba kitu, nikashindwa. Nikashika kitambaa changu cha kichwani, kile ambacho alikuwa akikisifu tangu nikinunue, nikamwambia, "Niombe hiki, basi. Niombe nikupe." Alikitazama kwa muda. Mkono wake uliinuka kidogo kutoka kwa samaki, halafu ukarudi. "Kaa nacho," akasema. "Kinakupendeza."

Nilienda nyumbani nikalia. Nilijiambia nalia ovyo, kwamba mama mdogo amekuwa mfanyabiashara wa kisasa na hili ndilo tulilolitaka. Kesho yake nilimwambia bosi wangu sheria ile ibadilishwe. Akasema tungoje mkutano wa mwaka.

Mkutano wa mwaka haukufika. Msaada wa nje ulipunguzwa, na wafadhili wakafunga mikoba. Huko kambini mgao ulikatwa. Ukitaka kuelewa mgao kukatwa ni nini, ungeenda ukatazame sufuria ya mama Mkongo. Kwanza iliondoka ile kubwa, ikaja ya kati. Kisha mabenchi yakapungua. Watu walikuwa wakija kunusa, wanamsalimia, wanakaa mbali. Samaki waliokuwa wakienda kila wiki wakaanza kwenda mara moja moja, na nyavu nyekundu zikabaki zimening'inia mezani kwa mama mdogo bila kazi. Kituo chetu nacho kikafungwa. Tukabeba viti, tukapaka rangi nyeupe juu ya miduara, nikawa sina kazi. Mradi ulikufa hivyo, na sheria yake hakuna aliyekuja kuwaambia imekufa. Mimi mwenyewe nilidhani imekufa pamoja na kibao cha mlangoni.

Katika miezi hiyo tumbo la mama mdogo lilianza kujaa. Alilifunga vizuri kwa shuka, na kwa kuwa uso wake na mikono yake ilikuwa ikikonda kama ya watu wote mwaka ule, mtu angeweza asione. Mimi niliona. Nikamuuliza. "Ni gesi," akasema. "Ni hii maharagwe." Nikamwambia twende hospitali, akasema ameshaenda, amepewa dawa ya gesi, na nimwache afanye kazi. Nikambembeleza, nikamkaripia, akanifukuza mezani kwake kwa mkia wa samaki huku anacheka. Alikuwa mtu mzima na alikuwa mkaidi. Nikajua nitamvizia siku nyingine nimpeleke kwa nguvu.

Alikufa asubuhi, sokoni, watu wakiwa wamejaa. Lori lilikuwa limesimama kwenda Kakuma. Aliinua wavu wa samaki ili ampokeze turniboi, yule kijana wa kupakia mizigo, akafika nao kifuani, akauteremsha. Akasema amechoka. Akaketi chini, akaanza kujikuna mikono na shingo, kisha pumzi ikamwishia. Msomali alimbeba yeye mwenyewe, akampakia kwenye bodaboda katikati yake na dereva, wakakimbia. Hawakufika naye akiwa hai.

Daktari alinieleza kwa upole. Ulikuwa uvimbe wa maji, ule unaotokana na mbwa, ambao sisi Waturkana tunaujua kwa kuwa tunaishi na mbwa nyumba moja. Hukua tumboni polepole, miaka na miaka, bila haraka. Ulikuwa umepasukia ndani, na maji yake ndiyo yaliyomwasha mwili na kumkata pumzi. Nikamuuliza kama ungetibika. Akasema huwa wanakuja madaktari wa upasuaji mara kwa mara kwenye hospitali ya Kakuma, wanauondoa, na watu wengi hurudi nyumbani wakitembea.

Tulimzika. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Mama aliyekuwa akiuza mandazi meza ya jirani na yake alinivuta kando, uso wake umevimba kwa kulia, akanimwagia yote. Mama mdogo alikuwa ameambiwa. Aliambiwa Lodwar ni uvimbe gani, akaambiwa aende Kakuma siku ambazo wale madaktari watakuja, na aende na mtu wa kumuuguza, kwa sababu baada ya kisu mtu hawezi kujipikia wala kujiosha.

"Nikamwambia, si lori inapita hapa? Mwambie Msomali akubebe. Na yule rafiki yako Mkongo ako karibu na hospitali, mwambie akae na wewe. Akaniambia, hiyo ni kuomba. Nikamwambia, na hata kama ni kuomba? Akasema, mimi ndiye mwenyekiti. Nitavunja sheria namna gani?"

"Na mimi?" nikamuuliza. "Hukumwambia aniambie mimi?"

Yule mama alitazama chini. "Nilimwambia. Akasema, huyo ndiye ofisi."

Sikulia hapo. Ofisi ilikuwa imefungwa, nilikuwa nimevaa kanga yake mwenyewe mabegani, na bado nilikuwa ofisi.

Msomali alikaa nje ya boma muda wote wa maombolezo, mbali kidogo na watu, kofia yake ameishika mkononi. Nilipompelekea chai hakuipokea. "Abaayo, dada yangu," akaniambia, "hii barabara mimi napita kila wiki. Kila wiki! Kiti ya mbele iko tupu. Turniboi analala juu ya mzigo, kiti iko tupu." Alirudia maneno hayo, kiti iko tupu, kiti iko tupu, mpaka nikaiweka chai chini nikaondoka.

Mama Mkongo alifika tumekwisha kuzika. Mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali, na kibali kilichukua muda wake. Aliingia ndani ya nyumba ya mama mdogo, akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, akalia kwa sauti kubwa ya kwao, ile ya kumwita marehemu na kumgombeza. Alimgombeza kweli. Alimuuliza kwa nini amemwaibisha mbele ya watu, kwa nini amemfanya mgeni. "Mi naonaka ukuta ya hospitali kwa mulango yangu," alisema, akinigeukia, kana kwamba nami sikujua. "Ningemupikia. Ningemuosha. Ningelala naye chini ya kitanda. Aseme tu neno moja!"

Alikaa nasi siku alizopewa. Alifagia, akapika, akaosha vyombo vya wafiwa wote, na wanawake wa ukoo wetu, ambao hawakuwa wakimjua, walianza kumwomba kama wanavyomwomba mtu wa nyumbani. Akawapa. Alitoa leso, akatoa sabuni, akatoa kitana. Mimi nilimtazama nikiwa pembeni. Nilikuwa najisikia mpweke kuliko siku zote tangu mama yangu mzazi afariki, na nilikuwa sijui namna ya kumkaribia, kwa sababu kati yetu siku zote alikuwapo mama mdogo.

Siku ya kuondoka, lori lilikuja kumchukua. Tulisimama barabarani, upepo unatupa mchanga machoni. Alinishika mikono yote miwili. Alikuwa amezeeka tangu mara ya mwisho nilipomwona.

"Sasa mi nitarudi kule," akasema. "Nitapika sombe kidogo ile. Na nani ataniombaka?"

Alinitazama usoni. Hakuwa anauliza ovyo, alikuwa anangoja. Nilijua anangoja nini. Nilitaka kumwomba. Ningeweza kumwomba kitu chochote, kitenge alichojifunga, maji ya chupa aliyoishika, nafasi ya kulala sakafuni kwake, niende naye siku ileile. Nilivihitaji vyote. Neno lenyewe ni fupi, watoto wetu wanalijua kabla hawajajua majina yao. Nilifungua kinywa.

"Asante kwa kuja, mama," nikamwambia. "Sisi tuko sawa."

Aliendelea kunishika mikono kwa muda kidogo. Halafu akaiachia, akashika chuma cha mlango, akapanda kwenye kiti cha mbele.